Kunja Hiyo Kidogo, Madam

Mpiga picha alikuwa mtu mpole. Naanza na hilo kwa sababu sitaki mtafute adui mahali hayupo. Ilikuwa ruracio ya dada yangu, mwezi wa Desemba, jua la saa nane limekaa utosini, na sisi wanawake wa upande wa bibi harusi tulikuwa tumepangwa mbele ya hema, vitenge vimefanana, vilemba vimefanana. Akatuangalia kupitia kamera. Akaishusha. Akanijia mpaka karibu, akaninong'oneza ili nisiaibike: "Madam, hiyo si inakunjika? Kunja hiyo kidogo, tupige hii moja tu."

Nikaukunja mkongojo wangu. Vipande vinne, tak, tak, tak, nikampa binamu yangu autie kwenye mkoba wake. Hiyo "moja tu" ikawa picha za familia, za marafiki wa bibi harusi, za mashangazi, halafu za mashangazi waliochelewa. Nilisimama kama dakika ishirini, nyonga ya kushoto ikiwaka kama jiko la makaa. Picha moja mama ameiweka sebuleni kwenye fremu. Natabasamu vizuri tu. Lakini ukisogea karibu utaona vidole vyangu vimezama kwenye mkono wa binamu yangu, na uso wake yeye si uso wa mtu aliyekuja sherehe.

Tangu siku hiyo nimetaka kuandika kuhusu huu mkongojo. Sitaki kulalamika. Nataka kuuhakiki, vile tunavyohakiki riwaya au albamu. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa chini akaubuni. Akachagua rangi, akachagua maua, akaamua ukunjike mara ngapi. Kila uamuzi wake ni maoni kuhusu mwanamke atakayeushika. Mimi ndiye huyo mwanamke, na nina majibu.

*

Kwanza niueleze ulivyo. Ni mabomba manne ya alumini, na ndani yake imepita kamba ya mpira iliyovutwa ikakaza. Ukishika mpini ukaachilia, vipande vinatafutana vyenyewe na kuingiana, kama vijiti vya hema la kambi. Karibu na mpini kuna vitundu na kitufe cha kuongeza au kupunguza urefu. Mpini una umbo la T, umelala vizuri kiganjani. Chini kuna kofia ya raba. Rangi ni zambarau iliyokolea, na juu yake kuna maua madogo meupe na ya waridi kutoka shingoni hadi miguuni. Nililipa shilingi 2,800 kwa muuzaji wa mtandaoni. Ule wa kijivu usiokunjika, ambao kila mtu anaujua kutoka korido za hospitali, ningeupata kwa nusu ya hapo. Kwa hiyo tuwe wakweli: nusu ya pesa zangu ilinunua kifaa cha kutembelea, na nusu nyingine ikanunua maua na bawaba.

Nilianza kutembea na mkongojo mwaka wa 2021, nikiwa na miaka 26, baada ya boda niliyokuwa nimepanda kuteleza kwenye mvua. Nyonga ilivunjika, ikaungwa kwa vyuma, na vyuma na mfupa bado hawajakubaliana kabisa. Miaka miwili ya kwanza nilitumia ule wa kijivu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifundisha vitu viwili ambavyo watu wengi hawavijui. Mosi, ukisimama wima na mikono imelegea, mpini unapaswa kufika usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili kiwiko kikunjike kidogo tu unapoushika. Pili, mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima. Mguu mbovu ukienda mbele, mkongojo unaenda nao kwa pamoja, na uzito unagawanywa. Ukiushika upande wa mguu mbovu unaegemea kulekule kunakouma.

Kama uliwahi kutazama ile tamthilia ya Marekani, House, iliyoanza 2004, umeona kosa hilo kwa misimu minane. Daktari House ana mguu mbovu wa kulia na anashika fimbo kwa mkono wa kulia. Bingwa wa kutambua magonjwa, na hajui kushika fimbo! Lakini hilo halikumzuia kuwa mtu wa kutamaniwa. Kuna wakati alitembea na fimbo iliyochorwa miali ya moto, na hakuna aliyemhurumia. Jiulize sasa, kwenye filamu ulizoziona, ni mwanamke gani wa umri wangu aliyewahi kuingia chumbani na fimbo bila kuwa mchawi, mgonjwa wa kufa kabla filamu haijaisha, au bibi wa mtu?

*

Sasa sifa. Mkongojo huu unastahili sifa, na sitaunyima.

Kwenye matatu ya watu kumi na wanne, fimbo ndefu ni adhabu kwa wote. Inagonga magoti ya jirani, inanasa kwenye mlango, kondakta anaishika bila kuuliza na kuirusha chini ya kiti kama kabeji. Huu unaukunja, unaulaza mapajani, mambo yameisha. Hali ni hiyohiyo kwenye meza ya mkahawa, kwenye kiti cha kanisa, kwenye foleni ya benki ukipata pa kukaa. Mtu aliyefikiria bawaba hizi aliwahi kuishi mjini, hilo sina shaka nalo.

Na maua nayo yalifanya kazi ambayo sikuitarajia. Miaka miwili na ule wa kijivu, swali lilikuwa moja. Kwenye lifti, kwenye duka la mboga, kwa fundi wa kucha: "Pole, kwani ni nini ilifanyika?" Unajikuta unasimulia ajali yako kwa mtu usiyemjua huku ukisubiri chenji. Wengine hata hawaulizi, wanatikisa kichwa na kusema hujafa hujaumbika. Wanasema wakijiambia wenyewe, mimi nikiwa mfano wao wa siku hiyo. Wiki ya kwanza na mkongojo wa maua, msichana fulani kwenye lifti ya ofisi aliniangalia kuanzia chini hadi juu akasema: "Wah! Hiyo umetoa wapi?"

Nilisimama pale nikakosa jibu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuuliza kuhusu mkongojo bila kuuliza kuhusu mfupa. Swali la kwanza linanirudisha barabarani usiku ule wa mvua. La pili linanichukulia kama mtu mwenye macho, mwenye pesa kidogo, mwenye kujua kuchagua. Kwa hiyo mtu akikuambia urembo kwenye kifaa cha mlemavu ni anasa, mwambie anasa si neno lake. Urembo ulinibadilishia mazungumzo.

Graham Pullin, katika kitabu chake Design Meets Disability cha mwaka wa 2009, anatumia miwani kuonyesha jambo hili. Miwani ilikuwa kifaa cha tiba, kitu cha kuvaliwa kwa aibu, na leo watu wazima wenye macho mazuri wanavaa fremu zenye vioo vitupu ili wapendeze. Hakuna anayemwambia mtu mwenye miwani pole. Hoja ni nzuri na naikubali karibu yote. Lakini kuna tofauti moja ambayo nimeijua kwa nyonga yangu. Miwani pia inakunjika, ila unaikunja ukimaliza kuona. Mkongojo wangu niliukunja kabla sijamaliza kusimama.

*

Hapo ndipo lawama yangu inapoanzia. Mkongojo huu una nia mbili zinazopingana. Maua yanasema: nitazameni. Bawaba zinasema: nifiche. Na hata boksi lake linajivunia yote mawili kwa pumzi moja, kwamba unapendeza, na kwamba ukiutia mkobani hakuna mtu atakayejua. Atakayejua nini? Kama mkongojo ni mzuri kiasi hicho, kwa nini sifa yake kubwa iwe kutoweka?

Kitu kinachokunjika ni kitu unachoweza kuambiwa ukikunje. Ule wa kijivu haukuwa na tatizo hilo. Ulikuwa mbaya, ulipiga kelele, ulinizeesha miaka thelathini, lakini mpiga picha angeuona asingekuwa na la kusema. Angeniweka pembeni kwenye kiti au angenipiga nao. Bawaba ndizo zilizompa wazo. Ziligeuza haja yangu kuwa hiari, na hiari ikawa adabu: kwa kuwa naweza kuukunja, nisipoukunja nimekataa kusaidia. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wangu ulikuwa mbali hatua tatu, ndani ya mkoba wa binamu, na nyoka alikuwa nyongani.

Lakini nikifika hapa nalazimika kujipinga. Cucu wangu alikuwa na fimbo ya mti, imekatwa shambani, imenyooshwa kwa panga, haina bawaba wala ua. Wageni wakija, aliiacha nyuma ya mlango wa jikoni na kutoka akishika ukuta, kisha kiti, kisha bega la mtoto yeyote aliyekuwa karibu. Mara nyingi bega hilo lilikuwa langu. Nilidhani ananipenda zaidi ya wengine. Labda ni kweli, lakini pia nilikuwa na urefu uliofaa. Kwa hiyo kuficha hakukuanzia kiwandani. Kiwanda kilikuta tumeshaficha, kikatuuzia namna rahisi ya kuendelea.

Guka naye? Guka alikuwa na muthigi wake. Mti uleule, pengine shamba lilelile. Ila muthigi ni fimbo ya mzee wa baraza, na ukiingia kwake ulikuta umesimamishwa mahali pa kuonekana. Akisimama kusema jambo aliuchukua hata kama hatembei popote. Hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuuchezea. Alipougonga chini, watu walinyamaza.

Ukiangalia vizuri utaona nchi zetu zimejaa wanaume wenye fimbo nzuri. Mwalimu Nyerere na kifimbo chake. Jomo Kenyatta na mgwisho wake. Moi na rungu lake, ambalo watoto wa enzi ile waliliona kwenye taarifa ya habari kila jioni, na ambalo mwaka wa 2020 kwenye mazishi yake Kabarak lilikabidhiwa kwa mwanawe Gideon mbele ya taifa, kana kwamba ndani ya kile kijiti mlikuwa na kitu cha kurithiwa. Lamu, wanaume wenye kanzu husimama safu kucheza goma, bakora mkononi, na bakora zenyewe hutunzwa kama vito. Hawa wote hawakubeba fimbo kwa sababu ya nyonga. Na hapo ndipo unapoiona sheria ambayo haijaandikwa: fimbo isiyombeba mtu humpa mtu heshima, na fimbo inayombeba humnyang'anya. Kisha ongeza kwamba mwenyewe ni mwanamke, na wa miaka 29.

Hata lugha yetu inajua. Bakora ina adabu, japo mgongo wa mwanafunzi utakuambia mengine. Fimbo ina amri. Rungu lina serikali. Halafu unakuja mkongojo, neno lililozaliwa na kukongoja, yaani kwenda kwa kuyumba kama mtu aliyeishiwa nguvu. Mimi sikongoji. Natembea, tena kwa haraka kuliko wengi wenu mnaosoma meseji katikati ya barabara. Lakini ndilo neno nililo nalo, na nimeamua kulitumia mpaka lizoeane na mimi. Tumeshafanya hivyo na maneno mengine. Zamani mtu kama mimi angeitwa kiwete au kilema, ngeli moja na kiti na kijiko. Msiniambie kijana na kiongozi pia ziko humo, najua. Lakini kijana hajawahi kuitwa hivyo na mtu anayetaka kumtupia sarafu. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu kwanza. Ilichukua muda, na ilichukua watu waliokataa kuitikia jina la zamani.

*

Wako wanawake waliokataa kukunja. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka wa 1953, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mguu wa bandia aliotengenezewa aliuvalisha buti jekundu la ngozi, lenye hariri iliyotariziwa nakshi za Kichina, na kengele ndogo. Mwaka wa 2018 lilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, na mimi nimeliona kwenye simu tu kama ninyi. Kinachonivutia ni ile kengele. Mtu anayetaka kuficha mguu haufungi kengele.

Mwingine ni mwigizaji wa Marekani, Selma Blair. Oktoba 2018 alitangaza kwamba ana ugonjwa unaoshambulia mfumo wa neva. Februari 2019, usiku wa Oscar, alitokea kwenye sherehe ya jarida la Vanity Fair akiwa na gauni linalopepea na fimbo iliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye herufi za jina lake. Walikuwepo wapiga picha wengi, na fimbo ikabaki kwenye picha, kwa sababu ilikuwa sehemu ya vazi.

Najua mtakachosema. Hao wana jina na pesa. Selma Blair hapandi matatu. Kweli. Na kuna jibu gumu zaidi: katika Sensa ya 2019, asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano kwenda juu walihesabiwa kuwa na ulemavu, karibu watu milioni moja. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na shida iliyotajwa zaidi ilikuwa ya kutembea. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vinavyotokana na hali yake. Wengi wa wanawake hao wanatembelea tawi la mti, kama cucu. Kuna sura gani ya kukaa hapa na kubishana kuhusu maua?

Nimelifikiria hilo sana, na nadhani tunakosea tukipanga foleni hivyo, eti kwanza mkongojo wowote, urembo baadaye. Kitu ambacho mtu anaona haya kukishika hakimsaidii hata akipewa bure. Cucu alikuwa na fimbo. Haikuwa mbali. Ilikuwa nyuma ya mlango, na alianguka mara mbili akienda kuwalaki wageni bila hiyo.

*

Halafu kuna jambo la nani anatubunia. Maua ya mkongojo wangu si ya hapa. Ni yale maua ya sahani za seti ya chai, ya mwanamke ambaye mbunifu alimwazia akiwa na bustani na paka. Wa wanaume uliokuwa ukurasa uleule wa muuzaji ulikuwa mweusi mtupu, vipande vilevile, raba ileile. Yaani tofauti ya mwanamume na mwanamke ni stika.

Na kofia ya raba haikubuniwa kwa barabara zetu. Miezi mitano ya changarawe, ya mitaro isiyofunikwa, ya ngazi za kivuko cha juu, raba ikaisha ikabaki kama ukucha uliotafunwa. Muuzaji hakuwa na nyingine. Aliyeniokoa ni fundi viatu wa stejini kwetu. Aliugeuza mkongojo kichwa chini, akauangalia kama daktari, akakata kipande cha tairi, kile cha kutengenezea akala, akakichonga na kukigongea. Shilingi mia moja. Kimekaa mwaka mzima sasa na hakijachakaa. Viungo vya kati pia vimeanza kucheza. Ukiegemea kwa uzito wote unasikia tik, tik, na unajua huu ni mkongojo wa mtu anayehitaji msaada kidogo, si wa siku mbaya. Siku mbaya bado nautoa ule wa kijivu chini ya kitanda.

Ajabu ni kwamba ustadi tunao. Wamunyu, Ukambani, watu wanachonga fimbo ambazo ukiziona utasimama: nyoka amejizungusha, kichwa cha simba, shingo ya twiga. Zinanunuliwa na watalii na kwenda kuning'inizwa ukutani. Mimi nilinunua moja Maasai Market nikajaribu kuitembelea. Ushawahi kuegemea kichwa cha twiga? Masikio yaliniachia alama kiganjani siku mbili. Haikuwa na raba, urefu ulikuwa wake si wangu. Ilichongwa kwa mtu ambaye hataitegemea. Na Bombolulu, Mombasa, kwenye karakana za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, tangu 1969 mafundi ambao wenyewe wana ulemavu wanatengeneza vito, mikoba na vinyago ambavyo watu wanavaa bila kujua vimetoka mikono gani. Shanga zipo. Mbao zipo. Tairi lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha pamoja mchongaji wa Wamunyu, fundi wa shanga, fundi viatu wa stejini na mwanamke mmoja mwenye nyonga mbovu, na kuuliza huyo wa mwisho anataka nini.

Nikiulizwa, nitasema hivi. Nataka bawaba zibaki, kwa ajili ya matatu. Nataka ziwe ngumu za kutosha kubeba siku mbaya. Nataka raba ya tairi. Nataka mpini uliochongwa kwa kiganja changu, na kitu juu yake ambacho mjukuu wangu atakatazwa kuchezea.

*

Basi hukumu yangu ni gani? Mkongojo huu ni kifaa kizuri kilichobeba wazo baya. Nauchukua kila asubuhi, na ningemshauri rafiki aununue, ila nitamwambia jambo ambalo boksi halisemi: utakunjika kwa amri yako tu. Ukikaa, ukunje. Ukisimama, uache wazi, hata kama mbele yako kuna kamera na mtu mpole. Makosa ya ruracio yale hayakuwa ya bawaba peke yake, wala ya mpiga picha. Nami nilikuwa na mdomo.

Harusi ya kanisani ni Agosti. Mpiga picha ni yuleyule, ameshalipwa nusu. Wiki iliyopita fundi wa nguo aliniuliza tunaweka rangi gani kwenye mkanda, nikaufungua mkongojo mezani kwake, vipande vikaingiana tak, tak, tak, nikamwambia hii zambarau. Akakata kijisampuli cha kitambaa, akakilaza juu ya maua, akaguna kwa kuridhika.

Jioni mama akapiga simu. Tuliongea mambo ya wageni, ya keki, ya mjomba ambaye lazima apewe la kusema asije akanuna. Halafu akasita kidogo.

"Na hiyo yako ya maua, utakuja nayo mpaka madhabahuni?"

"Nitakuja nayo, mama. Na kwenye picha pia."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma, nikasikia kijiko kwenye kikombe.

"Sawa," akasema. "Lakini mpelekee yule fundi aweke raba nyingine kabla ya siku hiyo. Kanisani wameweka vigae vipya, vinateleza."